Mwanga wa simu ndani ya sinema: lile giza ni letu sote

#1 (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jumamosi nilimpeleka mama sinema. Mama ana miaka 71, sikio lake la kushoto limechoka, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ukumbini tangu baba atutoke. Filamu aliichagua mwenyewe baada ya kuona kionjo chake kwenye televisheni. Siku nne zimepita na moyo wangu bado haujapoa, ndiyo maana naleta uzi huu. Ni mrefu, mnivumilie.

Karibu na mwisho kuna mahali ambapo filamu nzima ilikuwa inapaelekea. Mzee na binti yake hawajasemezana miaka mingi. Wamekaa mezani, vikombe viwili mbele yao, muziki umekatwa, ukumbini unasikia mpaka mvumo wa kiyoyozi. Mzee anafungua mdomo. Hapo hapo kijana wa safu ya mbele yetu, viti viwili kulia, akatoa simu. Hakuna aliyempigia. Alikuwa anapitia picha: kidole kinapanda, picha inapita, kidole kinapanda, picha inapita. Nyuma yetu nao wawili wakaanza kubishana kwa mnong'ono kama yule mwigizaji ni yuleyule waliyemwona kwenye filamu nyingine. Mzee akasema sentensi yake, moja tu. Binti akaangua kilio.

Mama akanigeukia: "Amemwambia nini?"

Sikuwa nimesikia. Na nilipoinama kumwambia kwamba sijasikia, mtu wa pembeni akatunyamazisha sisi. Mama akauchukua mkoba wake, akaupakata, na hakuniuliza tena kitu mpaka taa zilipowaka.

Sasa, najua yule kijana hakukusudia ubaya. Angeulizwa angesema "nimeangalia dakika moja tu, tena nilikuwa kimya." Nataka niseme na huyo anayeamini hivyo.

Skrini ya sinema haing'ai kama tunavyodhani. Kiwango kinachotumika duniani kwa sinema za dijitali ni kandela 48 kwa mita ya mraba. Simu nyingi za siku hizi zikifunguliwa mwanga wote zinafika 500, nyingine zinapita 1,000. Maana yake, kile kioo cha kiganjani, eneo kwa eneo, kinaweza kung'aa mara kumi na zaidi kuliko picha kubwa tuliyoijia. Inaonekana hafifu kwa mwenye simu kwa sababu yeye anaitazama. Sisi wengine inatuchoma pembeni mwa jicho, na pembeni ndiko jicho linakoona vizuri kwenye giza na ndiko linakoshtuka upesi kitu kikitikisika. Hata ukijikaza usitazame, jicho limeshakwenda.

Na mnong'ono nao. Watu wanadhani kunong'ona ni kuongea kwa adabu. Ukinong'ona, mtetemo wa koo unaondoka, inabaki ile mikwaruzo ya pumzi: s, f, sh, t. Mtu mzima ambaye masikio yameanza kuchoka, kinachomtoka kwanza ni sauti za juu, yaani konsonanti hizohizo. Sauti ya maneno anaisikia, kuyatenganisha ndiyo kazi. Kwa hiyo wale wawili wa nyuma walikuwa wanafunika hasa kile kidogo ambacho mama alikuwa anakitafuta.

Naomba tujadili kwa uzito. Nini kifanyike?

#2

Pole sana kwa mama, mkuu. Kwa simu niko na wewe. Lakini naomba niweke neno kidogo, maana mada hizi huwa zinaishia kutaka ukumbi uwe kama chumba cha mtihani.

Sinema haikuzaliwa kimya. Ndugu wawili Lumière walipoonyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio, Paris, tarehe 28 Desemba 1895, watu walikusanyika chumba cha chini cha mkahawa, na kila picha ilikuwa haifiki hata dakika. Miaka ya filamu bubu palikuwa na mpiga piano, watu wakisoma maandishi kwa sauti kumsaidia asiyejua kusoma. Japani walikuwa na benshi, mtu anayesimama pembeni ya skrini na kuisimulia filamu mwanzo hadi mwisho, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji wenyewe. Sauti ilipoingia rasmi kuanzia 1927 ndipo mdomo wa mtazamaji ukawa adui, kwa sababu sasa kuna maneno ya kusikiliza.

Na malalamiko ni ya zamani vilevile. Mwaka 1909 D. W. Griffith alitengeneza kifilamu cha dakika kama tatu, Those Awful Hats, kuhusu wanawake wanaoingia na makofia makubwa yanayowaziba walio nyuma. Kilionyeshwa mle mle kumbini ili watu wavue kofia. Kabla ya simu kulikuwa na kofia.

Mimi napenda ukumbi unaocheka, unaopiga mayowe. Filamu ya kutisha ukiiangalia peke yako na ukiiangalia na watu mia mbili ni filamu mbili. Tusije tukaua hilo.

#3 (mleta mada)

#2, ahsante, umenifanya nifikiri tangu jana.

Nakubali kabisa. Mama mwenyewe alicheka kwa sauti mwanzoni mwa filamu, na wenzake wa safu ile wakacheka kwa sababu yake, na ilikuwa raha. Nadhani tofauti iko hapa: kuna kelele inayoielekea filamu na kelele inayoipa mgongo. Kicheko, guno, yule anayeropoka "usifungue mlango!", hao wote wako ndani ya hadithi pamoja nami. Benshi naye alikuwa anaielekea filamu, tena aliibeba. Anayepitia picha, anayejadili gari litaegeshwa wapi, huyo ameshatoka, ila mwili ameuacha kwenye kiti, na kwa kuutoa ule mwanga anatuvuta na sisi tumfuate nje.

Hata kofia za 1909, wenyewe waliozivaa walikuwa wanaitazama filamu. Walihitaji tu kuambiwa wazivue.

#4

Miguu, wakuu. Msiisahau miguu. Kisigino kwenye mgongo wa kiti changu kwa saa mbili na nusu. Nikigeuka anatoa, nikitazama mbele anarudisha.

#5

Nimefanya kazi ya uhudumu wa ukumbi miaka sita, naomba niwape picha ya upande wetu.

Ukiingia na tochi (unaielekeza sakafuni, karibu na mguu wako, kamwe usiinyanyue), mwenye simu humtafuti. Unamwona. Nyuso zote zimepigwa na mwanga kutoka mbele, rangi inabadilika na filamu. Yeye peke yake uso unawaka kutoka chini, kidevu na pua, kama anaota moto. Unakwenda mwisho wa safu, unachuchumaa ili usiwazibe watu, unamwambia kwa sauti ya chini ya kawaida, si mnong'ono: "Naomba uzime simu, au utoke nayo nje." Tisa kati ya kumi niliowaendea walizima hapo hapo na kuona aibu. Wa kumi ndiye anayeharibu jioni ya watu wote.

Tatizo kubwa ni kwamba siku hizi hakuna anayeona. Zamani nyuma kule juu kulikuwa na mtu, fundi wa mashine, ana dirisha lake dogo, anabadilisha mikanda, anachungulia. Akiona fujo anapiga simu chini. Mitambo ya dijitali ilipokuja, filamu ikawa faili, ratiba inapangwa asubuhi, taa zinazima zenyewe, na yule mtu akaondolewa. Pale nilipofanya kazi tulibaki wahudumu wawili kwa kumbi saba wakati wa zamu ya usiku. Wawili, na mmoja wao yuko kwenye mashine ya bisi. Usafi kati ya maonyesho unakula muda wote. Tulikuwa tunaambiwa tupite kila ukumbi kila nusu saa, haiwezekani, tulikuwa tunasaini karatasi tu. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu niliipenda ile kazi.

Jambo la pili: watazamaji hawaji kutuambia. Wanakaa na hasira yao saa mbili, kisha wanakuja kulalamika filamu imeisha. Nifanye nini wakati huo? Nawaelewa, hakuna anayetaka kutoka na kukosa kipande. Lakini nendeni wawili, mmoja atoke. Mpe mhudumu herufi ya safu na namba ya kiti. "Kuna mtu anasumbua" haitusaidii, tukiingia kila mtu ameshatulia. "Safu F, kiti cha nane, simu" tunakwenda moja kwa moja.

Na tafadhali sana msigombane wenyewe. Januari 2014, Florida kule Marekani, wanaume wawili walikwaruzana ukumbini kwa sababu mmoja alikuwa anatuma ujumbe kwenye simu wakati wa vionjo, filamu yenyewe haijaanza. Mwenye simu akamrushia bisi, mwenzake akatoa bastola, akamuua, mke wake yuko hapo hapo. Aliyepiga risasi aliachiwa huru na mahakama 2022. Mimi nilikuwa nawakumbuka hao kila nilipowaona watu wawili wamesimama gizani wanaoneshana vidole.

#6

Mimi ni muuguzi. Kuna wiki ambazo napaswa kupatikana saa zote, na nikisubiri wiki isiyo na zamu sitaingia sinema mwaka mzima. Ninachofanya: kiti cha mwisho karibu na mlango, simu imezimwa sauti, mwanga umeshushwa mpaka chini kabisa, imelazwa kifuani ndani ya nguo. Ikitikisika natoka nayo bila kuitazama. Naisomea nje. Mara mbili nimekuta ni ujumbe wa matangazo, nikarudi kukaa. Sijawahi kuiwasha ndani, na ninafanya kazi ambayo simu inaweza kuwa na maana ya uhai wa mtu.

#7

Samahani, naomba niseme kama mzazi. Mwanangu ana miaka tisa, ana usonji. Anapenda filamu kupita kiasi. Anatikisa mikono, anarudia maneno ya mwigizaji papo hapo, akifurahi anasimama. Tumewahi kuambiwa tutoke, na mara nyingine hatukuambiwa kitu ila kila kichwa kiligeuka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikisoma nyuzi kama hizi moyo unanidunda kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani ameandika kuhusu sisi.

Kuna kumbi zina maonyesho maalumu: taa hazizimwi zote, sauti imepunguzwa, watoto wanaruhusiwa kutembea. Tunakwenda huko panapokuwepo. Lakini huwa ni saa nne asubuhi, mara moja kwa mwezi, na filamu wanayochagua wao.

#8 (mleta mada)

#7, dada yangu, ungekuwa umekaa nyuma yetu Jumamosi, mwanao anarudia maneno ya mwigizaji, mama angejua mzee amesema nini.

Nasema kwa dhati. Mwanao anaielekea filamu kuliko wengi wetu. Uzi huu haumhusu, na kama nilivyoandika umekuumiza, nisamehe. Hayo maonyesho maalumu yangepaswa kuwa jioni pia, tena na filamu mpya. Na hata kwenye maonyesho ya kawaida, ni jambo moja mtu kushindwa kukaa kimya na ni jambo jingine kabisa kutojali.

#6, mungu akulinde na kazi yako. Naomba wote wanaosema "nina dharura" wasome alichoandika huyu.

#9

Nina miaka 20, na mimi nilikuwa mmoja wa hao mnaowalalamikia, kwa hiyo nitasema ukweli.

Mnakumbuka Aprili 2025, filamu ya Minecraft, vijana walivyokuwa wanarusha bisi na kupanda viti kila mwigizaji akitamka maneno fulani mawili? Kuna kumbi Marekani ziliita polisi. Nilikwenda na wenzangu sita kwa ajili ya hilo tu. Hatukwenda kuangalia filamu, tulikwenda kujirekodi tukiiangalia. Ile sehemu ilipofika, wote simu juu, taa ya simu imewaka, bisi hewani. Sekunde kumi na tano. Filamu iliyobaki sikumbuki chochote.

Nilichokiona baadaye ni kwenye video yangu mwenyewe. Nyumbani naikata niiweke mtandaoni, nyuma yetu kuna mtoto mdogo, labda miaka sita, amevaa fulana ya ile filamu. Wakati sisi tunashangilia amefunika kichwa kwa mikono miwili. Baba yake anamfuta bisi kwenye nywele. Yule mtoto huenda aliingoja ile filamu miezi mingi. Sikuiweka ile video.

Kwa hiyo #3 umeongea vizuri, ila nitaongeza: kuna kelele inayoonekana kama inaielekea filamu, kumbe inaielekea kamera. Na kwa wanaorekodi skrini yenyewe, jueni Marekani ni kosa la jinai la nchi nzima tangu 2005, si suala la adabu tu.

#10

Hakuna kitakachobadilika mpaka wenye kumbi waamue, na wakiamua inawezekana. Alamo Drafthouse, kampuni ya kumbi iliyoanzia Austin, Texas, 1997, ilijijengea jina kwa sheria moja: ukiongea au ukiwasha simu unaonywa, ukirudia unatolewa, hurudishiwi hela. Mwaka 2011 mteja waliyemtoa aliwapigia akawaachia ujumbe wa matusi, wakaufanya tangazo lao. Watu walizidi kuwapenda.

Upande wa pili, Aprili 2016 mkuu wa AMC, kampuni kubwa kabisa ya kumbi, alisema wanafikiria kuruhusu simu kwenye baadhi ya kumbi ili kuwavuta vijana. Watazamaji walikuja juu, na ndani ya siku chache akatangaza kwamba wazo limekufa. Kwa hiyo sauti zetu zinasikika tukizitoa.

Kuna wanaosema wafunge vifaa vya kukata mawimbi ya simu. Marekani na Uingereza ni kinyume cha sheria, na ni sawa iwe hivyo, maana #6 angefanyaje? Halafu anayepitia picha zilizomo kwenye simu hahitaji hata mtandao.

Njia nyingine ni kutenganisha. Filamu ya Wicked ilipotoka mwishoni mwa 2024, kulikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu watu wanaoimba juu ya sauti za waigizaji. Suluhisho lilikuwa rahisi: kuanzia Krismasi wakaweka maonyesho ya kuimba, anayetaka kuimba aende huko. Waliotaka kusikiliza wakabaki kusikiliza.

#11

Na wanaochelewa? Wanapita mbele yako dakika ya ishirini na tano, tochi ya simu inatafuta namba za viti, "samahani, samahani", halafu wanauliza nini kimetokea. Alfred Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960 alizitaka kumbi zisimwingize mtu yeyote baada ya filamu kuanza, na watu walipanga foleni nje wakasubiri onyesho lao. Walizoea. Na sisi tungezoea.

#12 (jibu kwa #5)

Kaka, swali. Kama mhudumu hayupo kabisa, nje hakuna mtu, nifanyeje? Imenitokea mwezi uliopita, nimezunguka korido nzima.

#13 (yule mhudumu)

Nenda kwenye mashine ya bisi. Hapo huwa hapakosi mtu, ndipo penye hela. Mwambie amwite msimamizi, na usimame hapo mpaka amwite. Ukirudi ndani bila kumwona msimamizi, hakuna atakayekuja. Na omba tiketi ya onyesho jingine siku hiyohiyo, kabla hujatoka kwenye jengo. Msimamizi anayo mamlaka hayo, sisi tulikuwa tunaona wakipewa wale wanaouliza.

Kama unampeleka mzee mwenye shida ya masikio, uliza kaunta kabla ya kununua kama wana vifaa vya kusikilizia, vya kuvaa masikioni. Kumbi nyingi za kisasa wanavyo, vimo kwenye droo, havitangazwi. Na chagua katikati ya ukumbi, theluthi mbili kwenda nyuma. Sauti ya maneno inatoka kwenye spika ya katikati, iko nyuma ya skrini yenyewe, skrini ina vitundu vidogo vya kuipitisha. Ukikaa pembeni unapata muziki mwingi na maneno machache.

#14 (mleta mada)

Narudi kuwapa mrejesho, nimechelewa kwa sababu nilitaka nifanye kwanza ndipo niandike.

Jumanne nilimrudisha mama. Filamu ileile, ukumbi uleule, onyesho la mchana. Hakutaka, alisema ameshaiona. Nilimwambia mimi ndiye sijaiona. Kaunta niliuliza vifaa vya kusikilizia kama alivyoelekeza #13. Dada wa pale alishangaa kidogo, akafungua droo, vimo vinne, vya kwanza havina chaji, vya pili vikawaka. Nilimwomba pia mtu apite ukumbini mara moja katikati ya filamu. Akasema atajaribu. Na kweli alipita, nilimwona, tochi mguuni.

Tulikuwa watu kumi na moja. Katikati, theluthi mbili kwenda nyuma. Mwanamke mmoja safu ya mbele alitoa simu mwanzoni, nikainama nikamwambia, "Dada, naomba, mama yangu haoni vizuri ukiwasha." Akasema "oh, pole," akaizima, akaitia kwenye begi na kufunga zipu.

Ile sehemu ya mezani ilipofika nilijikuta simtazami mzee wala binti. Nilikuwa namtazama mama. Alikuwa ameinama mbele, kifaa sikioni, mdomo wazi kidogo. Mzee akaongea. Mama akatikisa kichwa polepole, mara mbili, kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo.

Kwenye gari nilimuuliza: "Haya, amemwambia nini?"

Akaniambia neno kwa neno, na sauti ya yule mzee akaiiga.